Je, Wajua? Hamira Iliyosomeshwa na Mimea

Anayenunua pakiti ya hamira dukani huwa na maandazi akilini. Lakini kiumbe aliyemo ndani ya pakiti hiyo ameshatengeneza dawa ya malaria, viambato vya dawa za saratani na za maumivu, ladha za vyakula na mafuta ya ngozi, vitu ambavyo kwa karne nyingi vilitafutwa kwenye majani, magome na mizizi. Amefundishwa kazi hiyo na wanasayansi, nao wanasayansi wamefundishwa na mimea. Twende moja baada ya jingine.

KIUMBE MWENYEWE

1. Je, wajua kwamba hamira ni kuvu wa seli moja? Jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae. Seli moja ina upana wa mikromita 5 hivi, kwa hiyo ukizipanga seli 200 kwenye mstari zinatimiza milimita moja tu. Zikipata sukari na joto la kuzitosha, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 90 hivi.

2. Je, wajua kwamba hamira inayoumua vitumbua ndiyo hiyo hiyo inayochachua bia na divai, na imo pia katika tembo la mnazi linalogemwa pwani? Inakula sukari, inatoa hewa ya kabonidioksidi na alkoholi. Kwenye kinyunya tunaitaka hewa, kwenye mtungi wa tembo tunaitaka alkoholi. Wanasayansi wa leo wameiomba itoe kitu cha tatu.

3. Hamira ilikuwa kiumbe wa kwanza mwenye seli zenye kiini kusomwa jeni zake zote. Kazi hiyo iliwashirikisha wanasayansi wapatao 600 na kukamilika mwaka 1996. Walikuta kromosomu 16, herufi za DNA takriban milioni 12, na jeni zipatazo 6,000.

4. Je, wajua kwamba hamira ni jamaa yetu wa mbali? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichukua jeni 414 ambazo hamira haiwezi kuishi bila hizo, wakajaribu kuweka za binadamu mahali pake, moja baada ya nyingine. Karibu nusu ya jeni hizo za binadamu zilifanya kazi, na hamira ikaendelea kuishi.

5. Huenda wewe au mtoto wako tayari mmeshanufaika na hamira hospitalini. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986 hutengenezwa na hamira iliyopewa jeni moja ya kirusi cha ugonjwa huo, na ilikuwa chanjo ya kwanza ya binadamu kutengenezwa kwa uhandisi wa jeni. Insulini ya kutibu kisukari nayo imetengenezwa na hamira tangu miaka ya 1980.

INAFUNDISHWAJE?

6. Je, wajua kwamba mimea imeshajulikana kutengeneza zaidi ya aina laki mbili za kemikali? Uchungu wa mwarobaini, harufu ya karafuu, ukali wa pilipili: vyote ni kazi ya mmea usioweza kukimbia adui, ukaamua kupigana ukiwa pale pale. Nyingi ya kemikali hizo mmea huzitoa kidogo mno, na mkemia akijaribu kuziunda kiwandani huhitaji hatua nyingi zenye gharama kubwa. Ndiyo maana hamira inapendwa: inakua haraka, inaishi kwenye tangi, na chakula chake ni sukari.

7. Kazi huanza kwa kusoma jeni za mmea. Kila jeni inatoa maelekezo ya kutengeneza protini, na baadhi ya protini hizo ni vimeng'enya, yaani protini zinazobadilisha kemikali moja kuwa nyingine. Watafiti hutafuta vimeng'enya vyote vinavyohusika kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, wakaagiza DNA yake iundwe maabara, kisha wakaiingiza kwenye hamira. Mmea wenyewe si lazima ufike maabara. Unaweza kubaki kijijini kwao, maelekezo yake yakasafiri kwa barua pepe.

8. Je, wajua kwamba hamira ni fundi hodari wa kuunga DNA? Ukiipa vipande ambavyo ncha zake zinafanana, inaviunganisha yenyewe kwa mpangilio sahihi. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya J. Craig Venter nchini Marekani waliitumia kuunga DNA yote ya bakteria mmoja.

9. Hamira haianzi mikono mitupu. Ili kujenga utando unaoizunguka seli yake, huwa inatengeneza molekuli yenye kaboni 15 ambayo mimea mingi nayo huitumia kama malighafi ya harufu, rangi na dawa. Wanasayansi hupunguza kiasi kinachokwenda kwenye utando huo, na kinachobaki wakakielekeza kwenye vimeng'enya vya mmea. Ikipunguzwa kupita kiasi, seli hufa. Isipopunguzwa vya kutosha, dawa haipatikani. Miaka mingi ya utafiti imetumika kutafuta kipimo cha katikati.

10. Kwa nini isiwe bakteria, ambaye hukua haraka zaidi? Timu ya Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianza na bakteria, na mwaka 2003 ikatangaza kwamba hatua za mwanzo za dawa ya malaria zimefanikiwa. Lakini baadhi ya vimeng'enya vya mimea hufanya kazi vikiwa vimeshikamana na utando ulio ndani ya seli. Hamira ina utando huo kama mmea ulivyo nao. Bakteria hana.

MALARIA: SOMO KUBWA KULIKO YOTE

11. Je, wajua kwamba kiini cha dawa mseto ya malaria, yaani artemisinini, kiligunduliwa kwa kusoma kitabu cha karne ya 4? Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha Mradi 523 wa kutafuta dawa ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipekua maelfu ya maelekezo ya waganga wa kale. Katika kitabu hicho cha karne ya 4, mganga Ge Hong alikuwa ameshauri majani ya mmea wa jamii ya pakanga, Artemisia annua, yalowekwe kwenye maji na kukamuliwa, bila kutaja kuyachemsha. Tu akang'amua kwamba kuchemsha kulikuwa kunaharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 dondoo lake likaua vimelea vyote kwenye panya waliojaribiwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

12. Je, wajua kwamba wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wameilima artemisia kibiashara, na kwamba Athi River nchini Kenya kulijengwa kiwanda cha kuikamua? Tatizo lilikuwa bei. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto, mahitaji yalipanda ghafla, na katikati ya miaka ya 2000 kilo moja ya artemisinini ilivuka dola 1,000. Wakulima wengi wakakimbilia zao hilo, na mwaka 2007 bei ikawa chini ya dola 200. Kuanzia kupanda mpaka dawa kufika dukani hupita zaidi ya mwaka mzima, hivyo anayepanda leo hajui atauza kwa bei gani.

13. Desemba 2004 Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa dola milioni 42.6 ili hamira ifundishwe kutengeneza dawa hiyo. Waliobeba kazi walikuwa maabara ya Keasling, kampuni changa ya Amyris na taasisi isiyotafuta faida ya OneWorld Health. Lengo lilikuwa kupata dawa kwa bei tulivu, isiyotegemea mvua wala msimu.

14. Mwaka 2006 hamira yao ilitoa miligramu 100 za asidi ya artemisini kwa lita moja. Mwaka 2013 walitangaza gramu 25 kwa lita, yaani mara 250 zaidi. Keasling amekadiria kwamba njia hiyo ilikula kazi ya mtu mmoja kwa miaka 150. Anayesikia kwamba jeni "zinabandikwa tu" azikumbuke hesabu hizo.

15. Je, wajua kwamba hamira haimalizi kazi hiyo peke yake? Inatoa asidi ya artemisini, kisha wakemia hukamilisha kwa kutumia oksijeni iliyochangamshwa. Hatua hiyo ndiyo inayojenga daraja la atomi mbili za oksijeni ndani ya molekuli. Daraja hilo ndilo silaha: likikutana na chuma ambacho kimelea amekitoa kwenye damu aliyoila, linavunjika na kumwangamiza.

16. Agosti 2014 kampuni ya Sanofi ilitangaza kupeleka dozi milioni 1.7 za dawa iliyoanzia kwenye hamira katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiwanda kilikuwa Garessio, Italia. Waliozimeza dozi hizo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kutibiwa malaria kwa dawa ambayo hamira ilianza kuitengeneza.

17. Na je, wajua kwamba hamira ilishindwa sokoni? Artemisinini yake iliuzwa kati ya dola 350 na 400 kwa kilo, wakati ile ya shambani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 uzalishaji ulisimama, na mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa. Sayansi ilikuwa imefaulu mtihani wake wote, lakini mkulima aliweza kuuza kwa bei nafuu zaidi. Hilo tulikumbuke kila tunapoambiwa kwamba maabara imekuja kufuta shamba: kinachoamua ni hesabu ya gharama, na hesabu hiyo hubadilika.

18. Chai ya artemisia haichukui nafasi ya dawa mseto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono majani au chai ya mmea huo kwa kutibu au kuzuia malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa hutofautiana jani kwa jani na kikombe kwa kikombe. Dozi pungufu humwacha kimelea hai, na aliyebaki hai hujifunza kustahimili. Tayari vimelea vyenye dalili za usugu kwa artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda na Tanzania.

MAUMIVU NA MISHTUKO YA MWILI

19. Je, wajua kwamba mwaka 2015 timu ya Christina Smolke wa Chuo Kikuu cha Stanford iliifundisha hamira kugeuza sukari kuwa thebaini, malighafi ya dawa kali za maumivu ambayo hutoka kwenye mmea wa afyuni? Hamira hiyo ilipewa jeni 21, na ya pili, iliyofika mpaka kwenye dawa kamili ya haidrokodoni, ilipewa 23. Jeni hizo zilitoka kwa mimea, kwa bakteria, na hata kwa panya.

20. Mwaka huo dozi moja tu ya dawa ingehitaji zaidi ya lita 16,000 za mchanganyiko wa hamira. Smolke na wenzake walianzisha kampuni ya Antheia, na mwaka 2024 kampuni ikatangaza kwamba imefaulu kuzalisha thebaini katika tangi la lita 116,000.

21. Je, wajua kwamba timu nyingine ya Berkeley iliweka kwenye hamira kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya manjano ya jamii ya bitiruti? Seli iliyozalisha vizuri moja ya malighafi za mwanzo za afyuni iling'aa manjano, na watafiti wakaichagua kwa macho badala ya kupima maelfu moja moja. Mwaka huo huo wa 2015, wataalamu wa sera waliandika kwenye jarida la Nature wakitaka hamira za namna hii zidhibitiwe mapema, zisije zikaangukia mikononi mwa wauza dawa za kulevya.

22. Uzalishaji peke yake hautoshi. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu. Uganda imeonyesha njia. Mofini ya maji hukorogwa nchini humo kutokana na unga unaoagizwa nje, huduma iliyoanzishwa na Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku anahitaji dawa iwepo duniani, na anahitaji pia sheria na bei vimruhusu kuipata.

23. Je, wajua mnanaha, ule mmea wenye tunda la miiba unaoota kando ya njia na ambao wazee hutuonya tusiuguse? Sumu zake, haiosiamini na skopolamini, zikipimwa kwa uangalifu ni dawa za kichefuchefu na mkakamao wa misuli. Dunia huzipata zaidi kwenye mashamba ya mti uitwao Duboisia, hasa Australia. Mwaka 2020 maabara ya Smolke ilizitengeneza kwa hamira iliyopewa zaidi ya protini 20 kutoka kwa hamira wenyewe, bakteria, mimea na wanyama. Ugumu ulikuwa kuziweka kila moja kwenye chumba chake: ndani ya seli moja walitumia sehemu sita tofauti.

SARATANI NA CHANJO

24. Je, wajua kwamba lile ua la rangi ya waridi au jeupe lenye petali tano linalopandwa kwenye nyua nyingi za pwani asili yake ni Madagaska, na lina dawa za saratani? Ni Catharanthus roseus. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer nchini Kanada walitangaza vinblastini, waliyoikuta walipokuwa wakichunguza kama majani yake yanatibu kisukari. Ndugu yake, vinkristini, huwatibu watoto wenye saratani ya damu, na hutumika pia dhidi ya uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka huo huo wa 1958 akiwa Uganda.

25. Kupata gramu moja ya vinblastini huhitajika zaidi ya kilo 500 za majani makavu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark na wenzao walitangaza hamira inayotengeneza nusu zote mbili za molekuli hiyo, ambazo huunganishwa baadaye kwa kemia. Waliifanyia DNA ya hamira mabadiliko 56, yakiwemo ya kuipa jeni 34 za mimea. Njia nzima ina hatua zaidi ya 30, na wakati huo hakuna mmea uliokuwa umeigwa kwa njia ndefu hivyo.

26. Je, wajua kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Ghana, Malawi na Kenya mwaka 2019, ina kitu kutoka kwenye gome la mti wa Chile? Kinaitwa QS-21, na kazi yake ni kuuamsha mwili uitikie chanjo kwa nguvu zaidi. Dozi moja ya mtoto ina mikrogramu 25. Mti wenyewe, Quillaja saponaria, hukua taratibu, na kusafisha povu la gome lake ni kazi ngumu.

27. Mwaka 2024 hamira iliyopewa vimeng'enya 38 kutoka kwa viumbe sita iliweza kutengeneza QS-21 yote kuanzia sukari. Lita moja ilitoa mikrogramu zipatazo 100. Kwa kiwanda ni kidogo sana, chini hata ya pale artemisinini ilipoanzia, lakini njia nzima sasa inajulikana, na inaweza kurekebishwa hatua kwa hatua.

YALIYOFIKA DUKANI

28. Wavuvi wa pwani wameyajua mafuta ya maini ya papa kwa karne nyingi. Sifa, kama wanavyoyaita, hupakwa mbao za majahazi zisioze. Viwanda vya vipodozi navyo viliyatafuta, kwa sababu hutoa skwaleni, mafuta laini ya ngozi. Je, wajua kwamba siku hizi sehemu ya mafuta hayo hutoka kwenye hamira iliyolishwa miwa ya Brazili? Hamira hutoa farnesini yenye kaboni 15, na molekuli mbili zikiunganishwa hupatikana mafuta yenye kaboni 30. Mwaka 2016 watafiti wa Amyris waliripoti zaidi ya gramu 130 za farnesini kwa lita katika matangi ya lita 200,000. Kila chupa ya mafuta ya namna hiyo hupunguza haja ya kuwavua papa.

29. Je, wajua kwamba utamu safi kabisa wa stevia haupo kwa wingi kwenye jani? Mmea huu asili yake ni Paraguay, na wakulima wa Kenya wamewahi kuulima pia. Jani limejaa utamu wenye uchungu kwa nyuma, na ule usio na uchungu ni chini ya sehemu moja katika elfu moja. Tangu 2019 kiwanda kimoja cha Nebraska, Marekani, huutengeneza kwa hamira.

30. Tangu 2014 kuna vanilini ya hamira sokoni. Je, mkulima wa vanila wa Kagera au Uganda aogope? Vanilini nyingi duniani tayari hutoka viwandani, na hata asilimia moja haitoki kwenye maganda ya vanila. Tena ganda halisi lina kemikali zaidi ya 200, na vanilini ni mojawapo tu. Ladha hiyo pana ndiyo bidhaa ya mkulima, na ndiyo ya kulindwa kwa ubora: kuvuna ganda lililokomaa na kulikausha bila haraka.

31. Je, wajua kwamba harufu ya balungi hufukuza mbu na kupe? Kinachofanya hivyo ni nutkatoni. Mwaka 2020 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliisajili kama kiua wadudu, na hamira ni moja ya njia za kuipata kwa wingi.

AMBAYO HAKUNA MMEA ULIOYAFANYA

32. Hamira ikishajifunza njia ya mmea, huweza kuongozwa nje ya njia hiyo. Mwaka 2019 maabara ya Keasling ilitengeneza viambato vya bangi kwa hamira, kisha ikailisha asidi za mafuta za aina nyingine, nayo ikatoa viambato ambavyo mbangi wenyewe hauvitoi. Baadaye watafiti wa Denmark walitumia njia ya kundi la kemikali ilimo vinblastini, wakabandika atomi za klorini na bromini. Mabadiliko madogo ya namna hiyo huweza kuifanya dawa idumu zaidi mwilini au ipungue madhara. Ndiyo maana watafiti wengi wanaiona hamira kama chombo cha kutafutia dawa mpya, mbali na kuiga za zamani.

33. Je, wajua kwamba hamira yenyewe sasa imeandikwa upya? Mradi wa kimataifa uitwao Sc2.0 uliunda kromosomu zake zote 16 kwa DNA ya maabara, na ya mwisho ilitangazwa mwaka 2025 na timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia.

NI MALI YA NANI?

34. Je, wajua kisa cha Ziwa Bogoria? Kutoka kwenye maji yake ya moto nchini Kenya walichukuliwa vijidudu miaka ya 1990, na vimeng'enya vyake vikaishia kwenye sabuni na kwenye upaukishaji wa suruali za jinzi ng'ambo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai mgawo wa mapato. Mwaka 2007 KWS lilitia saini makubaliano na kampuni ya Denmark kuhusu matumizi ya vijidudu vya Kenya. Kisa hicho kinaonyesha kwamba kiumbe asiyeonekana kwa macho anaweza kuwa rasilimali kama dhahabu.

35. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka nchi yenye mmea igawiwe faida. Lakini maelekezo ya jeni yakiwa kwenye kompyuta, mmea haujavuka mpaka wowote, na afisa wa forodha hana cha kukamata. Kwa sababu hiyo mwaka 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao kampuni zinazonufaika na taarifa hizo zinatakiwa kuuchangia, na angalau nusu ya fedha iwafikie watu wa asili na jamii za wenyeji. Mchango si wa kulazimishwa. Serikali zetu zina sababu ya kushinikiza uwe wa kweli.

36. Je, wajua kwamba mimea ya porini inayojulikana ya Kenya, Tanzania na Uganda imeorodheshwa? Kazi ya kuiandika, Flora of Tropical East Africa, ilichukua zaidi ya miaka 60 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi 12,104. Kila spishi imepewa jina, maelezo na mahali inapoota. Kemikali za sehemu kubwa ya mimea hiyo bado hazijachunguzwa, na jeni zake hazijasomwa. Hamira ipo kila duka, na sukari inapikwa Kilombero, Moshi na Kagera. Lakini hamira haijawahi kufundishwa dawa ya mmea ambao hakuna aliyeuchunguza. Artemisinini ilipatikana kwa sababu kuna aliyeandika matumizi ya mmea karne nyingi zilizopita na kuna aliyemsoma. Vinkristini ilipatikana kwa sababu kuna aliyehangaika na majani ya ua la uani. Tukiuacha msitu ukatwe kabla mimea yake haijachunguzwa, hakuna tangi lolote duniani litakaloturudishia kilichokuwamo. Tukiwapa vijana wetu maabara za kuisoma hapa hapa, faida itaanza kugawanywa kutoka upande wetu wa meza.